Betri ya Gari Jipya

Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyekuwa ameajiriwa katika ofisi mpya za kaunti, Lodwar, kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa akienda kuripoti chuo cha uuguzi mjini humo, na fundi Mkongomani kutoka kambi ya Kakuma, ambaye bila yeye pikapu yangu isingestahili kuitwa gari.

Ilikuwa 2013. Wazazi wetu walifariki tukiwa Kitale, mimi nikiwa darasa la saba, nikaacha shule nikaanza kuuza mboga. Mboga ndizo zilizonileta Turkana. Nilichukua vitunguu na kabichi kwenye malori yaliyoshusha Lodwar, nikazipeleka Kakuma, na kwa hizo wale wawili wakasoma. Kila shule ilipofunguliwa niliwapeleka mwenyewe, mvua au vumbi. Kitinda mimba hamkumbuki mama yetu. Anayemwita mama ni mimi, nami namwita binti.

Kwa hiyo niliona siku ya chuo ni yangu.

Lakini mdogo wangu alikuwa amechukua mkopo akanunua pikapu mpya kabisa, ya milango minne, kwenye duka la magari Eldoret. Nilimwonea wivu, na si kwa rangi wala viti. Niliona wivu jinsi alivyotunzwa. Waliomuuzia walimpigia simu kumuuliza gari linaendeleaje. Alipolipeleka kwa sevisi ya kwanza, alikalishwa kwenye sofa, akapewa chai na televisheni ya kutazama, akarudishiwa gari limeoshwa. Tena alikuwa na waranti: kitu kikiharibika, wao ndio wa kutengeneza. Mimi, dalali aliyeniuzia pikapu alibadilisha namba ya simu kabla sijafika Kapenguria. Waranti yangu ilikuwa huyo Mkongomani na waya zake.

Asubuhi ile, pale Kakuma, fundi alikuwa ametoa betri yangu kwenye duka la kuchajia, akairudisha, akawasha. Altaneta, inayochaji betri gari likitembea, ilikuwa imekufa, naye alikuwa anasindikizana nami atafute nyingine Lodwar.

"Mama, motere usizime," aliniambia, akionyesha injini. "Ukizima, haitawaka tena. Mpaka Lodwar."

Nilikuwa nimeosha viti vya pikapu kwa sabuni. Nikiwa nafunga godoro la binti na sanduku lake la bati, mdogo wangu akafika kutoka Lodwar, kioo kikashuka chenyewe, akanisalimu Kiturkana.

"Ejok, dada. Nimekuja kumchukua."

"Nani amekutuma?"

"Dada, si ako na nguo amepiga pasi? Huko kwako atafika akiwa amepakwa unga wa vumbi."

Nilimtazama binti. Alitazama chini, kisha akatazama lile gari.

"Mama, wewe utakuja nyuma na vitu," alisema polepole. "Si tutafika pamoja?"

Nilikubali, maana barua ya chuo ilisema asiyefika kabla ofisi haijafungwa siku ile, nafasi yake inapewa mwingine, na si siku ya kugombania mtoto barabarani. Lakini njia nzima nilikula vumbi lao huku nikiwaona kupitia kioo cha nyuma cha gari lao wakicheka. Nikamwambia fundi, "Hilo gari halina hata sauti." Akasema, "Gari ya kunyamaza, ikigonjwa haisemi." Nikaipenda sana sentensi hiyo.

Tulipoteremka katika laga moja pana, mto wa mchanga mtupu ambapo lami ilikuwa imesombwa, gari jipya lilipunguza mwendo, likasimama. Nami nikasimama nyuma yake, kwenye mchanga. Taa nyekundu ilikuwa imewaka kwenye dashibodi ya mdogo wangu; starta ilizunguka vizuri, lakini injini ilikataa kuwaka, na fundi akashuka kwenda kutazama.

Nisiseme uongo: nilifurahi. Nilikaa kwenye usukani nikifurahi. Mdogo wangu alipanda ukingo akapata mtandao, akapiga Eldoret, akaweka simu kwa sauti kubwa. Pikapu yangu ilinguruma, nami nilitaka kusikia kila neno. Nikanyoosha mkono nikazima.

"Mteja wetu, tafadhali usiguse chochote," sauti ya kike ilisema kwa upole ule uliokuwa ukiniudhi. "Boneti isifunguliwe na fundi wa nje. Waranti itakwisha. Tutatuma mtu keshokutwa."

"Keshokutwa!" nikasema, nikacheka. "Waambie walete na sofa."

Kisha nikamwita binti. "Njoo kwa mama. Gari bovu litakufikisha."

Aliingia, nikageuza ufunguo. Ilisikika tiki, basi. Nikarudia. Tiki. Tulisukuma wote, magurudumu yakazama mchangani. Lori moja lilipita limejaa mpaka juu, likatupigia honi tu. Binti alianza kulia bila sauti, akishika ile barua.

"Ni nani amezima motere?" fundi aliuliza.

Mdogo wangu aliniangalia, akaangalia simu yake aliyokuwa ameiweka kwa sauti kubwa. Alielewa kwamba nilizima ili nimsikilize. Alitembea hadi kwenye gari lake, akavuta kishikio, boneti ikafunguka.

"Fundi, toa betri yangu."

"Bosi, hapa wameweka alama ya rangi kwa nati. Nikifungua wataona."

"Toa."

Fundi aliihamishia kwangu, na pikapu yangu iliwaka mara moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mdogo wangu na fundi wakanisukuma nikatoka mchangani, kisha wao wawili wakabaki na gari lisilo na betri, juani. Nilimfikisha binti chuo makarani wakiwa wanakunja orodha. Jioni, betri yangu ikiwa imechajiwa Lodwar, niliwarudishia yao; mdogo wangu alikuwa amekauka midomo, akaniuliza kwanza, "Ameingia?"

Mtu wa Eldoret alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi, akaona nati, akapiga picha. Gari lilivutwa mpaka Eldoret na kutengenezwa kwa fedha za mdogo wangu mwenyewe. Hawakumpa chai siku hiyo.

Nilipouza mzigo wangu mzuri uliofuata nilimpelekea fedha. Akazirudisha kwenye mkoba wangu.

"Dada, wewe uliacha shule. Unanilipa nini?"

Angenitukana ingekuwa afadhali. Binti sasa anavaa nguo nyeupe za wodini, na wenzake wakimuuliza alivyofika chuo, anasimulia juu ya kaka aliyefungua gari lake jipya. Mimi nilishika usukani tu. Naona wivu hata kwa hilo. Na waranti ile ilikwisha kwa ajili yangu. Sijapata cha kumpa kinachotoshana nayo, naye hataki kuambiwa kwamba ananidai.