Kadi Aliyoikata Verlene

Verlene Stukey aliwapikia watoto wa shule chakula cha mchana kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwita fundi wa kitu chochote. Alipostaafu, mikono ikakosa raha. Akaanza na maboga ya karatasi. Alikuwa analoweka magazeti kwenye gundi ya unga, anayabandika juu ya puto, likikauka analitoboa macho na meno, kisha analipaka rangi ya machungwa iliyochujuka, ili ukiliona udhani limekaa darini tangu bibi yako akiwa msichana. Watu wa mji wetu walilipenda sana boga la Verlene. Ikifika Oktoba, hukosi kuliona kwenye kizingiti cha nyumba tatu nne katika kila mtaa.

Mimi ni Nadine, jirani yake. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa waya tu, na kwenye maonyesho ya Halowini, ile sikukuu ya mizimu na maboga mwishoni mwa Oktoba, yanayofanyika kila mwaka katika ukumbi wa zimamoto, meza zetu zilikuwa bega kwa bega: yeye na maboga yake, mimi na jamu yangu ya tufaha. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu.

Kutoka kwenye maboga, Verlene akahamia kwenye kadi. Zamani za mama zetu, simu ikiwa bado haijaingia kila nyumba, watu walikuwa wanatumiana kadi za posta za Halowini: paka mweusi kakunja mgongo, mchawi kapanda ufagio, msichana anachungulia kioo ili aone sura ya atakayemuoa. Rangi zake hazipatikani tena siku hizi. Nyuma, kwa penseli au wino, zimejaa habari za kawaida kabisa: kuku wameacha kutaga, njoo Jumapili, miguu ya baba bado inauma. Verlene alikuwa anazinunua popote anapozikuta, anazikata zile picha kwa mkasi mdogo wa kucha, anazipanga juu ya kibao chenye mwezi na uzio aliochora mwenyewe, halafu anabandika kwa gundi ya seremala. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Mtu alikuwa anasimama mbele ya kibao hadi anasahau alikuwa anakwenda wapi.

Aprili ya mwaka 1996 akafa Lucille Barnhouse, mjane asiye na mtoto, na vitu vya nyumba yake vikapigwa mnada uani. Tulikwenda sote wawili. Chini ya lundo la vitambaa vya meza Verlene akakuta boksi la viatu limejaa kadi, za mama yake Lucille, marehemu Tessie. Alilikumbatia boksi lile njia nzima hadi nyumbani, na tulipofika hakuniomba hata nimsaidie kufungua mlango.

Oktoba ikafika. Siku ya maonyesho, saa nne asubuhi, akaingia Orrin Hostler. Mzee wa miaka sabini na mitano, aliyekuwa fundi wa matrekta, mtani wa kila mtu. Alikuwa anatembelea mkongojo kwa sababu alibadilishwa nyonga mwaka ule.

"Nadine, jamu yako mwaka huu inalika, au tujengee matofali?" akaniambia.

"Ya kwako nimeitia msumari, mzee. Pita."

Akacheka, akageukia meza ya Verlene. Kicheko kikamwishia pale pale. Alikuwa ameshika kibao kimoja: msichana mwenye joho jekundu amekaa juu ya boga, boga linavutwa na paka wawili kama farasi. Alikishika kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka, wala hakuuokota.

"Verlene, hii umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Hii ya paka. Mama mdogo Tessie alikuwa nayo, alinionyesha nikiwa mdogo sana. Mama yangu ndiye aliyeiandika. Lucille aliniahidi kuitafuta, akafa kabla. Na siku ya mnada mimi nilikuwa nimelazwa, mguu huu hapa."

Mama yake Orrin alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mji mzima unajua, kama unavyojua nyumba ipi iliungua na lini. Nilimtazama Verlene nikijua atasema nini: ndiyo, Orrin, imetoka kwenye boksi la Tessie, samahani.

"Hapana," akasema. "Hizi naagiza dukani, mjini Columbus. Wanazichapa mpya, wanazifanya zionekane kuukuu tu."

"Mpya?"

"Mpya kabisa."

Orrin akaigeuza akatazama nyuma. Kulikuwa na ubao tu. "Basi wamenipata," akasema. "Nifungie. Nitajidanganya mwenyewe kwamba ndiyo ile."

Verlene akamfungia. Karatasi ilimchanikia mara mbili. Alipokea pesa akaisukumia kwenye kopo bila kuitazama. Nikamwokotea mzee mkongojo wake, akashukuru, akaondoka na kifurushi kwapani.

"We Verlene," nikamnong'oneza, "mbona umemdanganya mzee wa watu?"

"Uza jamu yako."

Sikusema zaidi, na sijisifii kwa kunyamaza kwangu. Ningeweza kumkimbilia mzee akiwa bado mlangoni. Lakini kulikuwa na wateja, na Verlene ni rafiki yangu, na nikajiambia hayanihusu.

Baada ya hapo Verlene akawa mtu wa kujificha. Kanisani akawa anaingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza, anatoka kabla ya baraka. Akimwona Orrin upande huu wa barabara, anahamia ule. Siku ya Halowini yenyewe, watoto wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende walikuta nyumba yake imefungwa na hakuna hata boga moja nje, yeye aliyefundisha nusu ya mji kuyatengeneza.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja akaja kwangu na kopo la biskuti, akalimwaga juu ya meza ya jikoni. Vipande vya karatasi, masalia ya mkasi. Vingine vilikuwa na herufi za penseli.

"Nadine, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Jina lake lilikuwamo. Orrin. Mji huu una Orrin mmoja tu. Niliisoma ile kadi mara mbili, nikajua ni mama yake, na nikaikata."

"Sasa kwa nini, Verlene?"

"Kwa sababu wale paka walikuwa wazuri," akasema, na uso wake wote ukawa mwekundu hadi shingoni. "Nilijiambia, angekuwa anazitaka si angekuja mnadani. Na pale mezani ningeweza kusema. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, wale wanaonisifia. Nikaona aibu. Nikaona bora yeye adanganyike."

Nilivaa koti, tukaenda.

Orrin alitukaribisha jikoni kwake. Kile kibao kilikuwa kimetundikwa juu ya meza anayolia chakula, mahali ambapo mtu mwingine angeweka saa. Verlene hakuvua hata kofia. Alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama anayetapika. Kisha akaweka kopo mezani.

Orrin alipekuapekua vile vipande kwa kidole. Alikuta kimoja chenye herufi tatu za mwisho wa jina lake, akakitenga.

"Kwa hiyo maandishi yako humo nyuma," akasema, akaonyesha kibao kwa kidevu. "Yametazama ubao."

"Ndiyo."

"Na siku zote hizi nakula uji wangu hapa chini yake." Akavuta pumzi. "Uliisoma, unasema. Aliandikaje?"

Verlene akafumba macho. "Ilikuwa ya kumwandikia Tessie. Anasema wamevuna maboga, na Orrin aliogopa lile walilolitoboa, akalia hadi akaingia chini ya meza. Halafu usiku akalitaka, wakamlaza nalo pembeni."

Mzee akatabasamu kidogo. "Na mwishoni?"

Nilimwona Verlene akisita. Orrin alikuwa amemkazia macho, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri kijiko.

"Mwishoni anasema anampenda mtoto huyu kuliko uhai wake."

Orrin alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akamshukuru. Akamshukuru, jamani, mtu aliyemkatia kadi! Akatufungia na kipande cha keki cha kwenda nacho.

Kwenye gari Verlene hakuwasha injini. "Nadine, sikumbuki mwisho ulikuwaje."

"Unasemaje?"

"Nimetunga. Alikuwa ananitazama vile. Nimetunga."

"Verlene! Umekwenda kutubu uongo mmoja, umerudi na mwingine?"

Alilia hadi madirisha yakapata ukungu. Nilimwambia arudi mle ndani sasa hivi. Hakuweza. Siku tatu hakuweza. Siku ya nne akanigongea mlango akiwa hajachana nywele, akasema, "Twende kabla sijabadili mawazo."

Mara hii Orrin alimsikiliza huku akikoroga kahawa yake, na alipomaliza kusikiliza akaendelea kukoroga.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nyumba yetu haikuwa na watu wa maneno kama hayo. Baba yangu aliishi miaka tisini na hakuwahi kusema ananipenda hata kwa bahati mbaya. Na wote walionisimulia habari za mama walisema alikuwa mkavu kuliko yeye." Akanywa. "Lakini siku tatu hizi nimelala vizuri. Hilo nalo nikuambie ukweli, maana leo ni siku ya ukweli."

Verlene alitazama sakafu. Nadhani angefurahi zaidi kama angepigwa.

"Haya," Orrin akasema. "Chemsha maji. Tuibandue."

"Itaharibika, Orrin. Gundi ile ni ya mbao."

"Imeshaharibika. Penseli haiogopi maji. Chemsha."

Tulikishika kibao juu ya mvuke wa birika kwa zamu. Verlene aliingiza kisu chembamba cha siagi chini ya karatasi, unywele mmoja baada ya mwingine, jasho likimdondoka puani. Paka mmoja alitoka mzima. Wa pili alichanika. Msichana wa joho jekundu alibaki bila uso. Boga, ambalo ndilo lilikuwa kubwa, lilitoka vipande viwili, na katikati pakabaki ukanda mzima wa karatasi uliokataa kuachana na ubao. Tulipojaribu kuukwangua, ukawa uji mikononi mwetu.

Orrin akavipanga vipande juu ya taulo, picha chini, akaongeza kile chenye herufi tatu za jina lake, na kwa miwani yake na miwani yangu juu ya ile tukasoma. Mwandiko ulikuwa mwembamba, umelala. *Mpendwa Tess. Maboga yamekuja vizuri. Orrin aliogopa lile la* na hapo ukanda uliopotea. Kisha, chini kabisa: *Usisahau kunirudishia chupa zangu za jamu. Wewe ni mwizi wa chupa. Dada yako, Cora.*

Orrin alicheka hadi akakohoa, hadi nikampigapiga mgongoni. "Mwizi wa chupa!" alikuwa anasema. "Huyo ndiye! Huyo sasa ndiye mama yangu!" Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kucheka au ya lile jingine, sikuweza kuyatenganisha.

Verlene hakucheka. Alikuwa bado ameshika kisu cha siagi.

Mzee alipotulia akaweka kidole pale palipokosa mstari. "Hapa," akasema, bila ukali, "mimi kuingia chini ya meza, kulala na boga. Hapa inabidi nikuamini wewe."

"Hiyo ni kweli, Orrin. Nakuapia. Hiyo niliisoma."

"Nimesema inabidi. Sijasema naamini."

Nilimwona Verlene akipokea maneno yale, akayameza. Hakujitetea tena. Alifuta meza, akaosha birika, akarudisha kisu kwenye droo yake. Tukaondoka.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye maonyesho. Sasa anapeleka kadi maktaba, anazitolea kopi za rangi, anakata kopi, na zile za asili anazirudisha kwenye bahasha zikiwa nzima. Kazi yake bado ni nzuri, ingawa rangi ya kopi haina ule moto wa zamani, naye anajua. Mtu akimsifia anasema "ahsante" na kugeukia kitu kingine. Mama mmoja wa gazeti la mkoa alitaka kuja kumpiga picha akiwa na mkasi wake. Alikataa, na hakusema sababu.

Orrin alikuja vilevile, na mbele ya meza iliyojaa watu akapaza sauti: "Jamani, mkipita hapa ficheni barua zenu! Huyu ana mkasi!" Watu wakacheka wasijue wanacheka nini. Verlene akawa mwekundu, akasema, "Ni kweli, ana haki." Alimtania hivyo miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu Verlene alijibu maneno yale yale.

Halafu binti yake Orrin akamchukua kwenda kuishi naye jimbo la Indiana. Oktoba ile nilikuwa kwa Verlene mtu wa posta alipopita. Kadi moja, ya dukani, boga limevaa kofia. Alisoma nyuma, akanipa nisome. Mwandiko wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka: *Boga letu huku limeoza mapema. Mguu haujambo. Binti yangu hajui kupika. O. Hostler.*

"Kwa mtu kama Orrin, ameandika kirefu," nikasema.

"Kirefu mno," akasema Verlene. "Mtu niliyemfanyia vile." Alikaa nayo mapajani muda mrefu, picha ikitazama chini, na kidole chake kikipita polepole juu ya maandishi bila kuyagusa.