Uanachama wa Kurithi

Selina Mashimba, ambaye Buswelu wanamwita Mama Precious, alikagua tiketi kwenye kivuko cha Busisi mpaka alipostaafu, muda mfupi kabla magari hayajaanza kupita kwenye daraja jipya. Kazi ile ilimwachia mgongo mbovu na dharau. Mgongo aliupeleka hospitali. Dharau alibaki nayo, kwa kuwa iliwauma wengine tu.

Pale getini aliona uongo wa kila namna. Watu walimpa tiketi za juzi, wamezilowesha makusudi ili tarehe isisomeke. Wengine hawakuwa na tiketi, walikuwa na ukoo: huyu shemeji wa nahodha, yule mtoto wa mheshimiwa fulani. Selina hakugombana nao. Aliwatazama kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu, na macho yake yalipofika usoni, wengi walikuwa wameshaingiza mkono mfukoni kutafuta nauli.

Masika yaliyopita bati la nyumba yake lilianza kuvuja sebuleni, na dari ikaota madoa ya rangi ya chai. Wakati huohuo binti yake Precious alikuwa ameposwa, na wakwe walitarajiwa kuja kutoka Bukoba kuleta mahari. Mdogo wake Selina, Paulo, anayefanya kazi Dar es Salaam na ambaye ndiye angekaa mbele kama mjomba siku hiyo, akapiga simu.

"Dada, nimekupatia kampuni ya kukarabati nyumba. Siyo mafundi wa kijiweni hawa. Wanaitwa Makazi Murua."

"Umeona nyumba waliyoitengeneza?"

"Nimeona picha kwenye mtandao. Halafu ni wanachama wa Umoja wa Mafundi Nyumba. Wameandika wenyewe."

"Wameandika wenyewe," Selina akarudia. "Na mimi nikiandika kwamba ni askofu, utanibusu pete?"

"Dada, wewe hata malaika akija utamwomba kitambulisho."

"Akija kuezua bati langu, nitamwomba."

Kesho yake mkuu wa kampuni akafika na pikapu nyeupe iliyoandikwa ubavuni "Wanachama Hai wa Umoja". Aliitwa Josephat Lwakatare, kijana mnene kidogo, na kofia yake ngumu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akatoa shikamoo vizuri, akasimama mlangoni, akainua macho darini. Ngazi hakuomba.

"Hapa mama tunafumua yote. Tunakuwekea jipsamu ya kisasa, na taa zinazunguka pembeni."

"Na bati linalovuja?"

"Jipsamu itaficha."

Selina alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuza samaki aliyeoza huku akisifia magamba. Akaomba kuona kadi ya uanachama. Josephat akaitoa, lakini kidole gumba hakikuondoka juu ya picha. Namba ilisomeka vizuri, arobaini na saba. Selina akaishika kichwani na kumwambia arudi Alhamisi.

Ofisi ya Umoja iko Igoma, juu ya duka la misumari na rangi. Katibu wake, mama mmoja aitwaye Rebeka, alikuwa peke yake, anakula muwa. Selina alipomweleza kwamba amekuja kuhakikisha kama kampuni fulani ni mwanachama kweli, Rebeka akaweka muwa chini.

"Unauliza kabla au baada?"

"Baada ya nini?"

"Ya kuharibiwa. Wote huja baada, wanalia hapo ulipokaa."

"Kabla."

Rebeka akageuza kiti ili amwone vizuri. Makazi Murua hakuwajua. Ila aliposikia namba arobaini na saba alicheka kidogo kwa masikitiko. "Hiyo ni ya Mzee Venant Lwakatare, fundi wa kupaua. Mtu safi. Tulimzika mwaka juzi, nilikuwa jikoni msibani kwake."

"Basi marehemu alikuja kwangu juzi na pikapu," Selina akasema.

Kwa kuwa alikuwa ameshapanda zile ngazi na mgongo wake, akaona aulize na la pili: mtu anafanya nini mpaka akubaliwe kuwa mwanachama? Rebeka akajibu kwamba analeta majina ya watu aliowafanyia kazi, kisha kamati inakwenda kuziona nyumba zao.

"Inakwenda?"

"Zamani ilikwenda. Siku hizi mwenyekiti anawapigia simu."

"Kwa hiyo mtu akileta namba za shangazi zake?"

"Shangazi watamsifu," Rebeka akakiri. "Lakini mama, huyo ni afadhali kuliko yule asiyeaminiwa hata na shangazi."

Selina hakulipenda jibu hilo, lakini alilielewa. Dharau yake, iliyokuwa yote kwa Josephat, sasa akaigawa, sehemu akaiacha pale ofisini. Kabla ya kuondoka aliomba jina la fundi wa bati ambaye Rebeka mwenyewe angemruhusu apande juu ya nyumba yake. Akatajiwa Antoni.

Alhamisi Josephat alikuja na wasaidizi wawili na nyundo. Selina akawasimamisha uani.

"Kadi yako ni ya marehemu."

Josephat hakukana. "Ni ya baba, mama. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nimerithi ngazi, misumeno, na uanachama."

"Baba yako angekuwa daktari wa upasuaji, leo ungenilaza mezani."

Msaidizi mmoja akageukia ukutani kuficha kicheko.

"Uliwahi kupanda naye juu ya paa?"

Kijana akatazama chini. "Nilikuwa nauza simu mjini. Baba alipofariki, ndugu wakasema kazi yake isife."

Kwa kitambo Selina aliona mtu aliyevalishwa koti la marehemu, likampwaya, na hakuna ndugu aliyemwambia. Ndipo akakumbuka yale maneno, jipsamu itaficha, na huruma ikakatika.

"Futa maandishi kwenye gari lako, mwanangu. Ukitaka kuingia Umoja, kaombe kama wenzako. Na ukiitwa kwa mtu, ukaguzi uanzie juu, siyo mlangoni."

"Sawa, mama."

Paulo aliposikia, alilalamika kwamba siku ya wakwe imekaribia. Selina akamjibu kwamba wanakuja kuchukua binti, hawaji kuchukua dari.

Hata Antoni hakumpokea hivihivi. Selina alitafuta nyumba ambayo fundi huyo aliipaua palepale Igoma, ya mama aitwaye Sabina, akasubiri siku ya mvua na kwenda kubisha hodi. Sabina akamkaribisha chai. Mgeni akainywa macho yakiwa juu muda wote, mvua inapiga bati, hadi mwenyeji akamuuliza kama anaumwa shingo. Halikudondoka tone.

Antoni alikuja amechelewa, akasimulia magonjwa yake yote kabla ya salamu kwisha. Selina akamhesabu miongoni mwa wapuuzi. Lakini alipanda. Akakuta misumari imeliwa na kutu, na bati moja ni fupi halifiki ukutani. Akarekebisha, akaziba, akapiga rangi, ingawa doa moja liligoma kupotea kabisa.

Siku ya mahari baba mkwe, mzee Rwehumbiza, alisifu nyumba, akauliza fundi alipatikana wapi. Paulo, ndani ya suti, akawahi kujibu.

"Tulipitia Umoja wa Mafundi, mzee. Matapeli ni wengi siku hizi. Mimi humwambia dada kila mara, lazima uhakikishe kwanza."

Selina alikuwa anapakua ndizi na nyama, akasikia kila neno. Alichagua sahani ya mjomba, akaijaza mifupa, akaipeleka mbele yake kwa magoti na heshima zote.