Mama Makopo na Gauni Jeupe

"Shangazi, kwa nini hutupi kitu?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, wa darasa la kwanza, amesimama mlangoni mwa jiko akiyakodolea macho maganda ya ndimu yaliyoanikwa kwenye sinia. Shangazi hakugeuka. "Kanawe miguu," alimwambia, akaendelea kukamua.

Swali lilikuwa la haki. Kwenye jiko lile hakuna kilichokaa kwenye chombo chake. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la maziwa, magadi kwenye kopo la kahawa, siki kwenye chupa ya sharubati. Mgeni akijitengenezea chai mwenyewe, shauri yake. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa yalikaushwa juani, kisha yakatiwa ndani ya viatu vinavyonuka. Maji mazito ya mchele ndiyo yalikuwa wanga wa kukaza kola. Wifi yake, mama wa yule mtoto, aliyekaa naye ua mmoja, alimbandika jina la Mama Makopo, na mtaa mzima ukalidaka.

Wala Shangazi hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alipiga pasi kwenye karakana ya mafundi cherehani, na mshahara ulimtosha. Ila kununua kitu anachoweza kukipata jikoni kwake kulimuuma kama jino. Hata vibanio vya nguo alijitengenezea, kwa kukunja vipande vya waya.

Vibanio hivyo ndivyo vilivyomponza. Binti yake wa pekee alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na siku ya kula kiapo ilipofika, Shangazi alilifua gauni jeupe la binti huyo alfajiri, maana sherehe ilikuwa jioni. Chuo kilimshonea kila mwanafunzi gauni moja tu, na asiye nalo angekaa na watazamaji. Adhuhuri alipolianua, mabegani palikuwa na madoa mawili ya kutu, mekundu kama matofali.

"Mama," binti alisema, akiyagusa madoa kwa kidole.

Wifi alitoka na chupa ya dawa ya madoa. "Vibanio vimejaa dukani, wifi. Ubahili wako leo umezaa mapacha. Haya, mwagia hii."

"Hiyo ina klorini, usiisogeze. Ikigusana na kutu, doa halitoki tena."

"Basi utalitoa kwa uchawi?"

Shangazi alilitandaza gauni juu ya meza iliyokuwa juani, akajaza chumvi juu ya madoa, akakamulia ndimu mpaka chumvi ikalowa chepechepe. Kisha wote wakasubiri. Jua lilipoikausha, akasuuza. Wekundu ulikuwa umegeuka manjano.

"Sasa limekuwa la rangi mbili," wifi alisema.

"Nipe ndimu nyingine."

Safari ya pili akasugua kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso, akalirudisha juani. Aliposuuza tena, alilinyanyua gauni usawa wa macho, akaligeuza huku na huku. Mabegani hapakuwa na kitu. Binti yake alicheka huku machozi yakimtoka.

Kilichobaki kilikuwa kazi aliyoizoea. Alilichovya gauni kwenye maji ya mchele, akalikamua. Akasugua pasi ya moto juu ya karatasi yenye chumvi mpaka ikateleza, akalinyoosha likiwa bado na unyevu. Kola ikasimama kama kadi.

Ukumbini, wauguzi wapya walipopanda jukwaani, macho hayakupata taabu kumwona binti wa Mama Makopo. Weupe wa magauni ya wengine ulikuwa umefifia, wa lake uliwaka. Alikula kiapo kwa sauti iliyofika mlangoni. Shangazi alipiga kigelegele mpaka kilemba kikamlegea, na wifi akamshika mkono akimnong'oneza, "Wifi, ile chumvi ilikuwa ya unga au ya mawe?"

"Njoo na kopo lako nikugawie."

Vibanio vya waya havikutupwa, mpaka leo vinashikilia miche ya nyanya. Yule mtoto sasa yuko sekondari. Juzi, wakikamua ndimu pamoja, alimuuliza tena lile swali. Safari hii Shangazi aliweka kisu chini.

"Watu wanadhani naogopa umaskini," alisema. "Mimi napenda kushinda, mwanangu. Kila doa likitoka bila kwenda dukani, moyoni najipigia kigelegele."