Mialoni ya Kilomita ya Kumi na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka. Zdravka Kutsarova anatembea katikati ya reli, beleshi begani, theluji ikimfika magotini kila anapokanyaga pembeni. Kila baada ya hatua chache anasimama, anainua uso, anasikiliza. Juu ya korongo la kilomita ya kumi na saba tawi la mwaloni linalia kwaa! Anatikisa kichwa na kuendelea.

"Theluji ya Januari ni unga, ukiipuliza inaondoka," anasema bila kugeuka. "Hii ya Aprili ni saruji mbichi. Tena imekuta miti imeshavaa majani."

Mama huyu wa miaka 58 ni mkaguzi wa njia katika reli nyembamba inayopanda milima ya Rodopi. Kila siku hutembea kilomita kumi na moja, kisha hutia sahihi kwamba njia ni salama. Bila sahihi hiyo, treni haiondoki stesheni ya Borov Dol.

Alianza miaka kumi na minne iliyopita, kiwanda cha nguo alikokuwa akishona kilipofungwa. Wakaguzi walikuwa wanne. Leo amebaki peke yake. Vibarua wa kuzoa theluji nao mkataba wao huisha Machi 31. "Kana kwamba theluji inasoma kalenda," anasema.

Kuamkia Jumamosi hiyo zilianguka sentimita arobaini na tano. Alfajiri kilipita kichwa cha treni chenye jembe, kikasukuma theluji kando. Kwa macho ya ofisini, njia ilikuwa wazi.

Zdravka aliporudi stesheni alikataa kutia sahihi. Haikupita dakika, mwongoza safari za treni akapiga simu kutoka mjini.

"Mama, jembe limepita. Kuna kitu juu ya reli?"

"Juu ya reli hakuna."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Liko juu ya vichwa vya watu. Mialoni ya korongoni imeelemewa na theluji."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo. Treni ikakaa kwa saa nne, hakikuanguka hata kijiti. Si ulipewa barua ya onyo?"

"Ninayo. Nimeitunza."

Ndani ya mabehewa mlikuwa na abiria themanini na wanne, wengi wakirudi makwao kula Pasaka, mayai mekundu yamepangwa vikapuni. Bibi mmoja alichungulia dirishani.

"We mama, tuonee huruma! Huo mti umekuambia wewe kwamba utaanguka leo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Umeninong'oneza," Zdravka akamjibu. "Shuka, bibi, uje usikilize na wewe."

Dereva, Metodi Shopov, hakucheka. "Shangazi, nikienda polepole je?"

"Hata ukienda kama konokono, mwanangu. Mwaloni hauulizi mwendo."

"Basi tukae hapa mpaka iyeyuke? Hawa abiria watanila mimi kabla ya mwanakondoo wa Pasaka."

Zdravka akalichomeka beleshi lake thelujini. Kukataa alikujua, kutafuta njia nyingine hakukuwamo katika kazi yake. Kisha akasema, "Twende tukaipanguse hiyo miti."

Nyuma ya stesheni palikuwa na fito ndefu za kuegemezea nyasi kavu. Abiria kumi na mmoja wakashuka, watatu wakiwa wanawake. Kwa ruhusa ya Zdravka, Metodi alisogeza treni hadi kwenye mdomo wa korongo tu, ambako njia ilikuwa salama, akaisimamisha. Mita mia sita za mbele zilibaki za watu wa miguu.

Walipiga tawi baada ya tawi, theluji ikiwamwagikia shingoni, wakitukanana na kuchekana. Kila tawi lililotua mzigo liliruka juu kama aliyeamshwa ghafla. Zdravka hakucheka.

"Niliogopa kuliko siku zote. Tawi lingempiga mmoja wao, ningemwambia nini mkewe?"

Karibu na mwisho wa korongo walikuta mwaloni umeinama juu ya reli, mizizi ya upande wa juu imeng'oka. Waliukata kwa msumeno wa stesheni, wakauburuta kando. Ungeanguka siku ile? Hakuna ajuaye, na Zdravka hadai kujua.

Akatia sahihi akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa Metodi. Treni ilifika mwisho wa safari imechelewa saa mbili na dakika hamsini.

Wiki iliyofuata ofisi ilimtaka aeleze kwa maandishi. Aliandika mstari mmoja: "Wameondoka themanini na wanne, wamefika themanini na wanne." Hajajibiwa.

Siku hizi, akimaliza ukaguzi, hurudi korongoni na kopo la rangi nyeupe. Ameshatia alama mialoni thelathini na saba ambayo angependa ikatwe, na ameomba kibali. Mwezi wa kumi anatimiza umri wa kustaafu. Dada yake anamngoja pwani, ambako theluji haidumu.

"Wakiikata kabla ya hapo, nafungasha," anasema, akifunika kopo. "Wasipoikata, dada ataningoja mwaka mwingine."