Picha ya Ng'ambo ya Korongo

Shangazi yangu Zoila Cabascango ni mlinzi wa maji wa Pukaloma. Kila alfajiri hupanda hadi paramo, ile nyika ya baridi iliyo juu ya mashamba yetu yote, akaufuata mfereji kwa miguu mpaka kwenye chanzo chake. Njiani hutoa majani yaliyokwama na kuziba mahali palipotoboka. Mkutano ulimchagua miaka kumi na minne iliyopita, mwanamke wa kwanza kushika jembe la mlinzi, na wanaume waliosema hatamaliza msimu mmoja sasa humvulia kofia wanapopishana naye njiani.

Kamera ilikuja kwa ajili ya mfereji. Kamati ya maji ilinunua ndogo, ya rangi ya fedha, ya bei ya chini kuliko zote dukani, ili apige picha za mahali palipobomoka na wao wajue wapeleke watu wangapi na saruji kiasi gani. Wiki za kwanza alipiga mabomba na matope tu. Kisha siku moja akainua macho.

Nadhani hapo ndipo alipopotea, kama mtu anavyopotea katika penzi. Paramo ya asubuhi haina mwisho. Majani marefu ya manjano yanalala na kuinuka kama mgongo wa mnyama anayepumua usingizini. Ukungu unaingia bondeni, unatoka, na kitu ulichokiona sasa hivi unaanza kujiuliza kama kweli ulikiona. Shangazi akaanza kupiga vitu vya mbali: farasi mweupe juu ya kilima, mwanga juu ya ziwa dogo, na kondori, yule tai mkubwa mweusi mwenye kola nyeupe shingoni, akiwa ametandaza mabawa hewani bila kuyapiga, kama aliyesahau kwamba kuna ardhi. Jioni alikaa jikoni akizitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, viazi vikichemka, mpaka betri izimike.

"Shangazi, huyu ni kondori au ni uchafu?" nilimuuliza.

"Ni kondori. Ukiwa na imani utamwona."

Kisha wanakondoo wakaanza kufa.

Aliyepoteza wengi ni Abelardo Farinango, ambaye sisi sote humwita Tayta, yaani baba, hata walio wakubwa kuliko yeye. Kila mara aliwakuta wameraruliwa ng'ambo ya korongo, na kila mara kondori walikuwa juu ya mzoga. Kwenye mkutano wa Jumapili alisimama, kofia mkononi.

"Nimewakuta na damu mdomoni," alisema. "Mnataka shahidi gani tena? Nitatia sumu kwenye mzoga wa ng'ombe, niuache pale kwenye jabali wanapotua. Naomba ruhusa ya mkutano."

Nasema hili kwa hasira na sitaomba radhi: ndege huyo yuko kwenye bendera ya nchi yetu. Jumatatu watoto wanajipanga kwenye uwanja wa shule kuisalimu, na Jumapili wazazi wao wanataka kumpigia kura ya sumu! Wageni wanapanda huku na lenzi ndefu kama mkono wangu, wanampiga picha, wanamtundika kwenye kalenda za ofisi za mjini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anachunga kondoo chini ya mabawa yale. Abelardo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeachwa peke yake na kondoo wake.

Shangazi akanyanyuka. "Tayta, mimi nimeona kitu kingine. Asubuhi, ng'ambo ya korongo. Kitu cha miguu minne kinatangulia. Ndege wanakuja baadaye, wanakaa kwenye jiwe wanasubiri zamu yao. Nina picha."

Tukaunganisha kamera na televisheni ya nyumba ya jumuiya. Skrini nzima ikawa ya kijivu, na katikati doa jeusi lililoyeyuka pembeni. Watu wakainamisha vichwa upande huu, wakainamisha upande ule. Rosendo, dereva wa gari la maziwa, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akauliza, "Mama Zoila, hii ni utrasaundi? Hongera! Wa kike au wa kiume?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Abelardo peke yake hakucheka.

"Jumapili ijayo," alisema. "Ukileta picha ambayo hata mimi kwa macho yangu haya nitaijua, sawa. Usipoleta, naweka sumu."

Mkutano ukakubali. Shangazi alikuwa na wiki moja.

Jumatatu alikaa juu ya jiwe karibu na mfereji na kuichunguza kamera kama mtu anavyomchunguza ng'ombe kabla ya kumnunua. Alibonyeza kitufe cha kuvuta karibu, ila safari hii hakutazama kioo. Alitazama pua ya kamera, lile bomba la lenzi. Pua ikatoka, ikatoka, ikasimama. Alipogeuza kamera, kwenye kioo picha bado ilikuwa inaendelea kukua, imeshavuka kijistari kilichokuwa katikati ya mchoro wa kipimo cha kuvuta karibu.

"Sikiliza," aliniambia. "Mpaka kwenye kijistari hiki inaona kweli. Ikipita hapa inajifanya tu. Inachukua kidogo ilichokiona na kukitanua, kama uji wa unga wa kiganja kimoja uliotiwa maji ya sufuria nzima."

"Kama wabunge," nikasema.

"Wewe nawe! Kila kitu wabunge."

Tangu siku hiyo aliishia kwenye kijistari. Picha ikawa ndogo lakini ya kweli, na kuikuza akakuacha hadi afike nyumbani.

Jumanne aligundua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa adui. Upepo wa juu kule hausimami, na ukivuta karibu, mtetemo wa kidole unakuwa tetemeko. Akashona kifuko cha kitambaa, akakijaza maharage makavu, akakiweka juu ya jiwe, na kamera akailaza ndani yake kama yai ndani ya kiota. Hata hivyo, kule kubonyeza tu kuliitikisa. Akatafuta kwenye vitufe hadi akapata ile saa ya sekunde mbili: unabonyeza, unaondoa mkono, kamera inasubiri, halafu inapiga yenyewe. Katika sekunde hizo mbili yeye aliacha kupumua. Nilimwambia pumzi yake haikugusa kamera tena. Aliniambia anajua, lakini anaona haya kupumua wakati kamera imetulia hivyo.

Jumatano alipata mnyama. Safari hii hakutikiswa na mkono. Alikuwa na miguu minne, mkia, na kitu cheupe mdomoni. Lakini picha yote ilikuwa kama imetazamwa kupitia dirisha la jikoni lenye mvuke. Mwanga ulimwagika nje ya kila kitu. Ungeweza kusema mbwa, ungeweza kusema mbweha, ungeweza kusema ndoto ya mtu mwingine.

"Ni ukungu," nilisema.

"Anga ilikuwa safi kabisa. Sikuona ukungu."

Alhamisi manyunyu yalimkuta kwenye chanzo cha mfereji. Tone likaangukia lenzi. Akashika pindo la poncho, lile joho letu la sufu, ili alipanguse, kama tunavyofanya sote kwa kila kitu: kijiko, jicho, pua ya mtoto, mpini wa jembe. Mkono ukasimama hewani. Juu ya poncho matone yalikuwa ya mviringo kama shanga, yakibingirika bila kulowesha. Ndivyo poncho zetu zilivyo. Sufu hatuiondoi mafuta ya kondoo kabla ya kufuma, maana ukiyaondoa mvua inaingia. Akatazama lenzi. Na pale pia tone lilisimama mviringo, likabingirika.

Alirudi nyumbani akicheka mpaka machozi.

"Miezi mitatu!" alisema. "Miezi mitatu naipangusa kwa poncho, naipaka mafuta ya kondoo kila asubuhi, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa!" Kisha akafungua zile picha zake za zamani, farasi mweupe na duara la mwanga kumzunguka, ziwa linalong'aa kama limewashwa kutoka chini. Alizitazama kwa muda mrefu. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Uzuri wote huu ulikuwa wa Mungu au wa kondoo?"

Nilikwenda kumtafutia sabuni.

Akachemsha kipande cha kitambaa laini cha pamba kwa sabuni, akakikausha juani. Alipuliza vumbi kwanza, akakipumulia kidogo kioo cha lenzi, akapangusa taratibu kutoka katikati kwenda nje, mara kadhaa, mpaka tone la maji alilodondosha hapo likatandaa badala ya kusimama. Kamera akaifunga ndani ya kitambaa kile kile, na poncho ikakatazwa kuigusa.

Ijumaa hatukuona kitu. Jumamosi nilikwenda naye, na hatukukaa mahali pake pa siku zote. Alisema kuvuta karibu kulikobaki ni kwa miguu. Tulishuka korongoni kimya, tukavuka kijito, tukapanda hadi kwenye ukingo mdogo wa jiwe, jua likiwa linatutokea mgongoni. Mbele yetu, karibu sasa, mteremko wa ng'ambo uliwaka polepole, jani moja moja, kama mtu anayefumbua macho. Kondori wawili walikuwa wameshatua juu ya jabali, wametulia kama mapadri wanaosubiri misa ianze. Kisha majani yakagawanyika, na mnyama akatoka na mwanakondoo mdomoni.

Shangazi akabonyeza. Sekunde mbili. Akabonyeza tena. Sekunde mbili. Hata mimi sikupumua.

Nyumbani aliweka picha bora kwenye kioo na kuanza kuikuza. Manyoya ya kondoo yalionekana. Mbwa wa rangi ya mchanga alionekana, na doa jeupe kwenye paji la uso. Akasogeza kidogo. Shingoni mwa mbwa kulikuwa na kamba ya kusuka, bluu na chungwa, nyuzi mbili mbili.

Aliweka kamera mezani.

Mwenye kamba ile alikuwa amelala mlangoni pale jikoni, kwenye jua, ameshiba. Lucero alikuwa mbwa wa shangazi kwa miaka saba. Kila alfajiri alipanda naye mpaka kwenye chanzo, na wakati shangazi anasafisha wavu wa maji yeye alikwenda zake, akarudi mchana. Kamba aliisuka shangazi kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi ninayepiga kelele kuhusu haki katika kila kikao, nilisema hivi: "Onyesha ile ya Jumatano. Yenye mafuta. Inaonekana ni mnyama wa miguu minne, basi, yatosha. Kondori amepona, na Lucero amepona."

"Halafu watasema ni nani?"

"Mbwa mwitu."

"Na mbwa mwitu huuawa kwa kitu gani?"

Kwa sumu. Sumu ndani ya mzoga, mzoga juu ya jabali, na wa kwanza kuuona kutoka angani tulimjua sote wawili.

"Kamba isipoonekana, sumu inabaki," alisema. Akamsogezea Lucero bakuli la maji kwa mguu, bila kumtazama.

Jumapili ukumbi ulijaa. Picha ilipotokea kwenye televisheni hakuna aliyehitaji kuinamisha kichwa. Abelardo alisogea mpaka karibu kabisa na skrini, akaweka kidole juu ya shingo ya mbwa.

"Kamba hii," alisema.

"Niliisuka mimi, Tayta."

"Basi ni Lucero."

"Ni Lucero."

Sauti ya kiume kutoka nyuma ikasema, "Mlinzi wa maji hodari! Na kondoo wa watu nani anawalinda?" Wachache walicheka. Shangazi alisubiri kicheko kiishe, kama anavyosubiri matope yatue kabla ya kufungua lango la mfereji.

"Umesema kweli," alijibu. "Kosa ni langu. Lakini tazameni, ndege hawa wako juu ya jiwe, na mwanakondoo ameshakufa. Na mbwa mwenye kamba hahitaji sumu. Anahitaji kufungwa. Kila mmoja hapa aende nyumbani aangalie wake anarudi saa ngapi, na tumbo lake likoje."

Hapo hakuna aliyecheka. Niliona watu wakihesabu mbwa wao kimoyomoyo.

Wakapiga kura. Sumu ilikataliwa, na ikaamuliwa mbwa wote wafungwe mpaka wanakondoo wakue. Mkono wa Abelardo uliinuka wa mwisho, haukufika hata juu ya bega, lakini uliinuka. Jioni ile shangazi aliwahamishia kondoo wake majike zizi la Abelardo kama fidia, bila mtu kumwambia. Na kwa desturi yetu mbwa aliyeonja mwanakondoo hakai tena mlimani. Wengine huwanyonga. Shangazi alikuwa na binamu bondeni, mlinzi wa mashamba ya waridi, huko ambako maua yanalimwa chini ya nailoni na hakuna kondoo hata mmoja.

Jumatatu asubuhi Lucero alipandishwa kwenye gari la maziwa, katikati ya makopo. Ukungu ulikuwa umefika barabarani, na kichwa chake kilionekana na kutoweka, kikaonekana tena. Rosendo alizunguka gari mara mbili akikagua matairi yasiyokuwa na tatizo lolote. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mama Zoila, kamera si unayo hapo? Mpige moja basi. Ya kuagana."

"Picha yake ninayo," alisema shangazi.

Rosendo akatazama chini, akapanda, akawasha gari. Shangazi alichukua jembe lake na kuanza kupanda, maana jua lilikuwa limeshatoka na maji ya upande wa juu yalikuwa bado hayajafika mashambani.