Matoka ya Shamba la Mtoni

Kabla mashamba hayajakusanywa mahali pamoja, mama yangu alikuwa na vipande vinne, na hakuna viwili vilivyopakana. Kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba, kimoja kwenye mteremko wa mawe, kimoja ng'ambo ya njia ya ng'ombe, na cha mwisho chini kabisa mtoni, palipomea nduma. Nikikumbuka utoto wangu nakumbuka kutembea. Tulitoka ukungu ukiwa bado umelala, mama mbele na kiondo chake, mimi nyuma na jembe dogo, miguu imekufa ganzi kwa umande. Ukungu ulipofunguka ungeona, kutoka kwenye mteremko wa mawe, mkonge wa upande wa Thika umetanda chini kama maji, na mbali zaidi, upande wa Ruiru, kahawa ya Wazungu ambako mama na wenzake walikwenda kuchuma msimu ukifika. Mlio wa gari-moshi ulitufikia umechelewa, kama mtu aliyeita kisha akaghairi.

Shamba la mtoni ndilo lililokuwa kubwa, na ndilo alilolipenda mama. Huko alizikwa mdogo wangu. Alikuwa msichana, hajatimiza miaka miwili, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akilima. Alikufa kwa kifua, msimu ule wa baridi ambao jua halionekani kwa majuma. Alizikwa kwenye kona ya shamba, juu kidogo ya nduma, na hakuna kilichowekwa hapo. Hatukuwa na desturi ya kutia alama kaburi la mtoto mchanga. Mwezi haukuisha kabla mama hajarudi kulima. Alipoikaribia ile kona alipiga jembe polepole, kisha akageuka.

Nami nilianza kusahau. Naona uchungu kuliandika hili hata leo. Kwanza nilisahau uzito wake, kisha sauti yake. Nikaogopa kwamba majani yakiota nitasahau hata mahali.

Shuleni kwetu kulikuwa na matoka yamezunguka darasa. Itoka ni yungiyungi la huku kwetu, lenye kitunguu kikubwa ardhini na maua meupe. Jua haliliui, wala ng'ombe hawaligusi. Wazee walilipanda mpakani, kati ya shamba la mtu na la jirani yake, na tuliambiwa tangu wadogo kwamba anayeling'oa hafiki mbali, yeye na nyumba yake. Lakini shuleni lilikuwa ua tu, limepandwa kwa urembo, na huko ndiko nilikofundishwa kupanda kwa kamba, mstari ukanyooka. Siku moja mama akiwa amekwenda kuchuma kahawa, nilimwomba mwalimu vitunguu vilivyozidi, nikashuka navyo mtoni. Nilivipanda upande wa ndani wa kaburi, ili jembe la mama lisifike pale kwa bahati mbaya. Vilibaki vingine mkononi, basi nikaendelea na mstari hadi ukingoni mwa shamba. Nilikuwa na miaka kama kumi. Nilijivunia sana ule mstari.

Sikumwambia mtu.

Kisha, vitunguu vikiwa havijachipua hata jani, ile miaka ya hali ya hatari ikaja. Baba aliwekwa kizuizini pamoja na wanaume wengi wa kilima chetu, nasi tukahamishwa, tukapangwa kwa safu katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Mashamba ya karibu tuliruhusiwa kwa saa chache. La mtoni hatukuruhusiwa kabisa. Misimu ilipita nikiliona usingizini tu: mdogo wangu ameketi katikati ya majani mapana ya nduma, maji yakipita chini yake, naye haloi.

Ndipo tukaambiwa vipande vyote vitakusanywa, kila mtu apate shamba moja mahali pamoja. Mama aliomba apewe la mtoni, na liongezwe kwa upande wa juu. Wazee wa ukoo wakakubali. Kilichobaki ni kuonyeshana mpaka na jirani wa chini, mzee mwenye mzaha, aliyekuwa amelima ng'ambo ile tangu ujana wake.

Tulishuka asubuhi, wazee watatu, mpimaji na mnyororo wake, jirani, mama na mimi. Shamba lilikuwa kichaka. Mzee mkubwa alitangulia akifyeka kwa panga, kisha akasimama.

"Mpaka huu hapa," alisema.

Matoka yangu yalikuwa yamezaana, yakawa ukuta mweupe. Kona yote ya kaburi ilikuwa upande wa pili.

"Hapo hapana mpaka, guka," mama alisema, akimwita babu kwa heshima. "Shamba langu linafika kwenye ule mbono."

"Itoka halijipandi, mama."

"Sijui lilikotoka."

Mzee akamgeukia jirani. "Na wewe?"

"Mimi sikumbuki itoka hapa," jirani alisema. "Lakini marehemu baba alikuwa akisema shamba letu ni kubwa kuliko nijuavyo. Nilidhani ni pombe."

Wazee wakacheka. Mpimaji akaanza kukunjua mnyororo. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba nililipanda mimi.

"Nani kasema?" mzee aliuliza.

"Mimi, guka. Nililitoa shuleni. Ni ua la mdogo wangu. Amelala pale."

"Tazameni," jirani akasema, "siku hizi mipaka inapandwa na wasichana. Kesho watatutahiri upya."

Walicheka tena, lakini mzee mkubwa hakucheka. Alinigeukia bila hasira.

"Kama ni ua, ling'oe," alisema. "Ling'oe lote, sisi tukiona, na mama yako atapimiwa hadi kwenye mbono. Aliyelipanda analijua. Mimi sitaligusa."

"Wala mimi," jirani alisema, na safari hii hakutania.

Niliweka kibuyu cha maji chini. Naandika kweli tupu: sikuogopa. Nilijua nilichokipanda. Niliinama, nikashika shina la kwanza, likawa baridi na lenye utelezi kiganjani.

"Liache," mama alisema.

"Maitu, ni mimi niliyelipanda."

"Najua. Liache."

Alikuja akanishika kifundo cha mkono akaniinua. Alikuwa hajawahi kunishika hivyo mbele za watu. Kisha akamwambia mpimaji, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pima hapo hapo."

Mnyororo ukapita. Jirani alitazama chini muda wote ulipokuwa ukivutwa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia mama. Alikuwa amesoma katekisimu, hakupaswa kuogopa laana ya itoka, alijua ninasema kweli, na kwa neno moja alimtoa mtoto wake kwenye ardhi yake. Sasa naye ametangulia, na katika hizi siku za matanga ndipo ninapoielewa ile hesabu yake fupi. Alikuwa na watoto wawili pale shambani asubuhi ile. Mmoja hangeweza kufa tena.

Tulipanda kilima tukirudi kijijini kabla ya saa ya kufungwa lango. Njia ni nyembamba, na kwa kawaida mama alitangulia. Siku hiyo alinisubiri.

"Ulilipanda lini?" aliuliza.

"Ulipokuwa kwenye kahawa."

"Kumbe ulikuwa ukienda kule peke yako."

"Ndiyo, maitu."

Alitembea hatua kadhaa.

"Mimi pia," alisema. "Nilikuwa nikikwambia naenda kuchota maji."

Akakichukua kile kibuyu mkononi mwangu akakibeba mwenyewe, tukaendelea kupanda bega kwa bega, mguu wake mmoja majanini.