Maji ya Moto kwa Mbegu za Mwati

Usiku ule mvua ilipiga bati la gesti niliyofikia Makambako, nami nikajifunika shuka kichwani nisiisikie. Kwetu, kwenye uwanda wa Singida, lilikuwa halijaanguka hata tone. Dada yangu Mboni alikuwa akimwagilia viriba vyake kwa kopo, maji ameyabeba kichwani kutoka lambo la mbali, akingoja mbegu za mti wa mwati zichipue kwenye vile vifuko vya plastiki.

Mbegu hizo nilizitayarisha mimi. Wiki chache kabla nilipita nyumbani kama kawaida yangu, begi halijafunguliwa, na Mboni akaniuliza kama nimekuja kumsalimia au kuulizia basi. Kisha akanipa baadhi ya mbegu alizotuachia bibi kibuyuni, nyeusi, ngumu kama changarawe. Ni za mwati ule usio na miiba, unaostahimili ukame, ambao bibi aliupanda upande wa upepo, ukatulinda na mchanga na kutupa kuni mpaka ulipozeeka ukafa. Mboni alikuwa akijaza udongo, akaniomba nizimwagie maji yanayochemka nizilaze humo hadi asubuhi, maana bila hivyo ganda halifunguki.

Kuni zilikuwa vijiti tu. Nami nilitaka kuondoka alfajiri. Nikazimwagia maji ya ndoo yaliyopashwa na jua, nikamwambia yamechemka.

Usingizi uliponichukua, nilitoka kwenda uani kwa gesti, na ua ule ulikuwa wa nyumbani. Bibi yangu alikuwa ameketi mbele ya mafiga, kanga yake ileile tuliyomzika nayo, sufuria iko motoni. Anavunja kigoda chake. Mguu mmoja anautia motoni, kisha mwingine, bila haraka, na sasa ameketi chini kwenye vumbi. Nataka kumwambia nitakwenda kutafuta kuni, lakini mdomo haufunguki.

"Mume wangu," ananiita, kama alivyokuwa akinitania tangu utotoni, "kinga mikono."

Nakinga. Viganjani mwangu zimo mbegu. Anamimina maji yanayotokota, mvuke unanifunika uso, na mikono yangu haiungui. Natamani iungue.

Mvuke unapotoka, tumesimama kati ya viriba. Vimejaa uwanja mzima, vyeusi, na Mboni anapita kati yake na kopo. Amezeeka kuliko bibi. Anavisemesha viriba kimoja kimoja, anavibembeleza, bila kutuona. Nyuma yake mchanga umefika kwenye komeo la mlango.

Bibi anainama, anachokoa udongo kwa kidole, anatoa mbegu na kuniwekea ulimini. Ni kavu. Inang'aa kama siku ile.

Nasema nilikuwa na haraka.

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Natafuta jina la mji. Nimelala miji mingi, nimebeba mizigo kwenye masoko yake, najua chai ya wapi ni nzito na gesti ya wapi ina kunguni. Natafuta jina la mji mmoja tu uliokuwa ukiningoja asubuhi ile. Silipati. Bibi anangoja, kichwa ameinamisha kidogo, na kungoja kwake ndiko kunakonichoma, si yale maji.

Kisha ananigeuzia mgongo. Anaanza kujifunga kanga vizuri, kama mtu anayekwenda safari.

"Mwambie aache kumwagilia udongo."

Nilizinduka mdomo mkavu, mvua imekatika, kunapambazuka. Niliketi kitandani nikiishika simu. Nilijua kibuyuni bado zimebaki mbegu. Zikichemshiwa maji leo, miche itawahi mvua za mwisho. Nikinyamaza, upepo wa kiangazi utaikuta nyumba wazi, naye Mboni atajilaumu mwenyewe.

Nikapiga. Kabla ya sauti yake nilisikia maji yakimiminika. Akaniuliza leo niko nchi gani. Akasema hakuna kilichotokeza, lakini hajachoka. Labda udongo wake ndio mbaya, labda yeye hana mkono wa bibi.

"Dada," nikasema, "weka kopo chini."